Corolla nyeusi ya Mwalimu: shajara ya kuondoa ukungu wa miaka 20

Jumamosi, 11 Januari 2025

Gari limefika saa tatu asubuhi. Corolla 110 ya mwaka 1998, nyeusi, iliyoletwa kutoka Japani ikiwa imetumika, Mwalimu akainunua mwaka 2005. Imepanda na kushuka barabara ya Njoro kila siku ya shule hadi alipostaafu. Siku hizi inalala nje ya nyumba yake Section 58, hapa Nakuru, chini ya mjakaranda. Mimi nitaifanyia kazi uani kwa dada yangu, Kiamunyi, kwa sababu pana banda la mabati lenye kuta tatu na soketi ya stima.

Kwa mbali unaona gari jeusi. Ukilisogelea, weusi unageuka kijivu, kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu ikasahauliwa kusuuzwa.

"Kijana wangu," Mwalimu aliniambia akinipa ufunguo, "sitaki ing'ae wiki mbili kisha irudi ilivyokuwa. Hiyo nimeshailipia."

Namwelewa. Mwaka juzi kuna fundi aliyeing'arisha kwa rotari, mashine inayozunguka bila kuyumba, na pedi ya manyoya, akamaliza gari zima kabla ya saa sita. Jioni hiyo liliwaka. Baada ya kuoshwa mara tatu, michirizi yote ikarudi, na juu yake mawimbi ya mashine yenyewe, yale yanayotembea juu ya boneti kama mafuta juu ya maji kila jua linapopiga. Kompaundi nyingi, yaani dawa kali za kusugulia rangi, huwa na mafuta. Yakijaa ndani ya mkwaruzo, jicho halioni kitu, lakini mkwaruzo upo palepale ukingojea sabuni. Kwa hiyo kanuni yangu katika kazi hii ni moja: hakuna sehemu nitakayosema imekwisha kabla sijaipangusa mafuta yote na kuiangalia chini ya taa.

Kibati kilichoko chini ya boneti kinasema rangi ni 202, nyeusi tupu ya Toyota isiyo na chembe za metali. Nilichukua kitambaa cheupe na tone la polishi, nikasugua kidogo karibu na kioo cha mbele. Kitambaa kikatoka cheusi. Maana yake boneti haina klia juu, lile tabaka angavu la kukinga rangi; rangi yenyewe ndiyo inayokutana na jua. Nikarudia kwenye paa, milango yote minne, buti: cheusi. Fenda ya mbele kushoto: cheupe. Hiyo iligongwa na matatu miaka ya nyuma ikapakwa upya pamoja na bampa, na fundi wa rangi alimalizia kwa klia.

Gari moja, rangi mbili. Mpango wote unabadilika hapo.

Jumapili, 12 Januari

Siku nzima ni kuosha tu, wala sioni aibu kuiandika kama kazi kamili.

Inasemekana jina Nakuru limetokana na neno la Kimaasai la mahali penye vumbi, na anayeishi hapa Januari hana haja ya kuuliza kwa nini. Vumbi letu lina asili yake. Tuko sakafuni mwa Bonde la Ufa, Menengai iko nyuma ya mji, na udongo mwingi wa huku ni majivu ya volkano yenye chembe kali kama chupa iliyotwangwa. Lile jiwe jepesi la kusugulia visigino bafuni ni la ukoo huohuo. Ukipitisha kitambaa kikavu juu ya vumbi la namna hiyo, umeshapiga msasa.

Nililimwagia maji kwanza bila kuligusa, nikalipaka povu, nikaliacha dakika tano, nikamwaga tena. Baada ya hapo ndipo nilipoingia na glavu ya maikrofaiba na ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia glavu. Nilianzia paa nikashuka, sketi za chini na magurudumu mwisho. Maji ya mwisho yalikuwa ya mvua, kutoka tangi la dada lililojaa mwezi wa kumi na moja. Maji ya kisima ya hapa yana madini mengi, na yakikaukia juu ya rangi nyeusi huacha madoa meupe ambayo sabuni haiyatoi.

Gari lilionekana safi. Nikavaa karatasi ya nailoni ya mkate mkononi na kupitisha vidole juu ya boneti taratibu, nikasikia chembe tele, kama kupapasa chapati iliyoangukia unga mkavu. Karatasi hiyo hukuza hisia za vidole kuliko unavyotarajia. Nikachukua klei, udongo laini wa kunasa chembe zilizoshika kwenye rangi, nikailoweka kwa maji ya sabuni, nikapitisha kila mahali kwa mistari mifupi huku nikiikunja mara kwa mara ili upande safi uwe chini. Kipande kimoja kilinianguka na nikakitupa papo hapo. Changarawe moja iliyonaswa humo ingetosha kunipa kazi ya wiki nyingine.

Jumamosi, 18 Januari

Kipimo cha unene wa rangi nimekiazima kwa rafiki anayekagua magari ya kununuliwa. Boneti ilisoma kati ya mikroni 104 na 118 (mikroni elfu moja ni milimita moja). Paa, 92 hadi 101. Milango inakaribiana na boneti. Fenda ya kushoto, 265. Bampa halipimiki kwa kifaa hiki kwa kuwa ni plastiki, nacho kinahitaji chuma chini.

Unywele wa mtu una kama mikroni 70, kwa hiyo paa lote, kuanzia chuma hadi juu, halifiki nywele mbili. Na katika hizo 92 mna kinga ya kutu na praima, yaani rangi ya msingi, hivyo weusi wenyewe ni sehemu yake tu. Kila nikipiga mashine nitaondoa kidogo kisichorudi. Hii ndiyo hesabu ninayotaka kuikumbuka kila nikishika swichi.

Kisha nikawasha taa ya LED bandani, na hapo ndipo kazi iliponishika moyo.

Mwalimu alikuja saa kumi kuangalia. Alifundisha fizikia miaka 31. Nilimpa taa aishike mwenyewe. Juu ya boneti kulitokea utando wa buibui, duara ndani ya duara, na taa katikati. Alisogeza taa, duara zikaifuata. "Aa," alisema, "kumbe si duara. Ni mikwaruzo ya kila upande, ila inayorudisha mwanga machoni ni ile iliyoikingamia miale tu." Ni kweli kabisa, na sijawahi kusikia ikielezwa kwa maneno machache hivyo.

Halafu akaona kitu kingine. Chini ya ule utando kulikuwa na mistari mizito isiyoifuata taa. Hata taa ikienda wapi, yenyewe ilibaki mahali pake. Ilianzia ukingo wa boneti upande wa dereva, ikipinda kidogo kuelekea katikati, kisha ikafifia. Upande wa pili vilevile. Juu ya paa, kingo zilijaa mistari hiyo, lakini katikati, mahali ambapo mtu hafiki kwa mkono bila kupanda kitu, rangi ilikuwa imefifia kwa jua tu, bila mistari.

"Na hii?"

Sikujibu. Tangu Jumapili nilikuwa nikitafuta namna ya kulisema jambo hili kwa mtu wa umri wa baba yangu. Mwalimu alisimama kando ya gurudumu, akanyoosha mkono juu ya boneti, akaupitisha hewani kama mtu anayepangusa. Mkono ulifuata mstari sawasawa.

Kila asubuhi kwa miaka 20 alilipangusa vumbi gari hili kwa kitambaa kikavu. Kitambaa hicho kiko ndani ya buti hadi leo, kimekunjwa vizuri.

"Ni mkono wangu," alisema. Akakaa kwenye ngazi kidogo, kisha akaniuliza kama inatoka. Nikamwambia mingi itatoka, Mwalimu, si yote.

Jumamosi, 25 Januari

Majaribio kwenye kipande cha boneti, sentimita 40 kwa 40, nilichokizungushia tepu ya karatasi.

Mashine ni ile inayozunguka huku ikiyumba, yenye mwendo wa milimita 15. Naipenda kwa rangi ya zamani kwa sababu haikusanyi joto mahali pamoja kama rotari. Ila ina udhaifu wake: ukiikandamiza, mzunguko unasimama na inabaki kutetemeka tu bila kukata chochote. Nimechora mstari mweusi kwenye sahani ya nyuma. Mradi nauona mstari ukizunguka, pedi inafanya kazi.

Nilianza na kilicho laini kuliko vyote, pedi laini na polishi nyembamba. Ukungu uliondoka mara moja, mistari ya Mwalimu haikutikisika. Nikaja na pedi ya wastani na polishi ileile, utando wa buibui ukapungua sana, mistari ikabaki. Mara ya tatu nilitumia pedi ya wastani na kompaundi: mistari mingi ikaisha, ila nyuma yake kukawa na ukungu mwepesi wa kompaundi yenyewe, ambao polishi nyembamba iliuondoa baadaye. Kwa hiyo itakuwa hatua mbili. Ningeweza kuruka moja kwa moja kwenye kompaundi na kuokoa saa nzima, lakini nisingejua kama rangi ilihitaji nguvu hiyo, na kwenye mikroni 92 sitaki kukisia.

Namna ninavyofanya: matone manne ya ukubwa wa punje ya dengu kwenye pedi, nayatandaza kwa kasi ya chini, kisha kasi ya 4 au 5, mkono ukisogea sentimita mbili tatu kwa sekunde, kila mstari ukilalia nusu ya uliotangulia. Mara mbili kwenda, mara mbili kukatiza. Haraka ya mkono ndiyo huharibu kazi hii kuliko kitu kingine chochote. Mashine inalia kwa kasi, na mwili unataka kuifuata.

Pedi inatoka nyeusi tii baada ya kila kipande, na hiyo ni rangi ya gari. Naisugua kwa brashi kila mara, na baada ya milango miwili naweka nyingine. Pedi iliyojaa rangi iliyokufa haikati, inapaka tu.

Kupangusa mafuta natumia spiriti iliyozimuliwa kwa maji mengi, napuliza na kukausha papo hapo. Rangi isiyo na klia haipendi spiriti kali wala ya kukaa.

Jumamosi na Jumapili, 1 na 2 Februari

Paa na boneti. Tulianza saa kumi na mbili asubuhi, mimi na mpwa wangu, tukaacha saa tano. Baada ya hapo mabati yanawaka, chuma kinakuwa moto, na polishi inakauka kabla haijafanya lolote. Saa nane upepo unaingia na vumbi lake, hapo huna cha kufanya ila kulifunika gari. Sakafu tunaimwagia maji kila saa.

Paa lilichukua saa tatu. Katikati ya paa, pale ambapo mkono wa Mwalimu haukufika, nilitumia polishi nyembamba peke yake, na weusi uliotoka hapo ni wa ndani, mzito, kama kahawa isiyo na maziwa. Nikajua rangi yote inaweza kufika huko.

Boneti ilikula Jumapili yote. Nilipopangusa kipande cha mwisho nikaona misumari ya mabati ya banda ikiakisiwa juu ya boneti, mmoja mmoja, na kofia zake za mpira. Nilimwita dada aje aone. Alihesabu misumari kumi na minne kabla ya kurudi jikoni.

Vipimo: nilipima pointi zilezile, mara tano kila moja, kwa sababu kifaa huruka mikroni mbili au tatu chenyewe. Kwa wastani boneti imepoteza kama 4, paa chini ya hapo.

Jumamosi, 8 Februari

Leo nimechoma rangi.

Mlango wa nyuma kushoto una mkunjo unaopita chini ya vishikio. Kwenye mikunjo rangi ni nyembamba, kwa kuwa ilipokuwa mbichi ilivutwa kuelekea pande zote mbili. Kila mtu wa kazi hii anajua, na ndiyo maana tunazifunika kwa tepu. Nilikuwa nimefunika. Sehemu ile ilikuwa finyu, nikatumia rotari ndogo yenye pedi ya inchi tatu. Katikati ya kazi stima ikapotea. Wakati wa kungoja nikabandua tepu ili nione kazi ilivyo. Stima ikarudi baada ya dakika arobaini, saa nne na nusu, joto likipanda, nami nikataka kumaliza mlango kabla ya saa tano. Sikurudisha tepu.

Ilichukua muda wa kupumua mara moja. Kijivu kikatokeza kwenye mkunjo, urefu wa sentimita mbili, upana wa uzi wa kushonea viatu. Praima.

Nilizima kila kitu nikampigia Mwalimu kabla sijala. Alinyamaza kidogo, akauliza chuma kimeonekana? Nikasema hapana. "Basi hakitashika kutu leo. Endelea kesho." Nilimshukuru, na uzito haukupungua.

Nimeongeza mambo mawili kwenye utaratibu. Stima ikipotea, swichi ya mashine na ya ukutani zinazimwa kabla ya kitu kingine, na stima ikirudi naanza upya na tepu kana kwamba sijawahi kufika kwenye mlango huo. Na rotari haigusi mkunjo tena kwenye gari hili. Mikunjo itakuwa ya mkono, kidole na kitambaa.

Jumatano, 12 Februari

Nimepata kopo dogo la 202 kwenye duka la kuchanganya rangi, Industrial Area, aina ya 2K, inayochanganywa na hadina, dawa yake ya kuigandisha. Nimeipaka kwa kijiti cha meno, tabaka tatu nyembamba. Itakaa wiki nzima ndipo niiguse.

Jumamosi, 15 Februari

Fenda na bampa. Klia ya hapa ni ngumu kuliko rangi ya kiwandani, pedi ya sponji iliteleza tu juu yake. Pedi ya maikrofaiba na kompaundi ndiyo iliyofua dafu.

Klia ina ngozi ya chungwa, vijibonde vidogo vya rangi iliyopulizwa ikakauka kabla ya kutulia. Mikroni 265 zingeniruhusu kuisawazisha yote kwa msasa hadi iwe kama kioo, na mpwa wangu alitaka sana. Nimekataa. Mlango ulio jirani yake nao una vijibonde vya kiwandani, vidogo zaidi lakini vipo, na fenda iliyo laini kuliko gari zima ingepiga kelele kuliko hii. Nimeshughulikia chozi moja tu la klia karibu na taa: msasa wa maji namba 2000, kisha 3000, kisha mashine.

Jumamosi, 22 Februari

Hatua ya pili gari zima, pedi laini na polishi nyembamba, kasi ya chini. Hii ni kazi ya utulivu, na naipenda kuliko zote. Kile kidonda cha mlango nilikisawazisha kwa msasa wa 3000 uliozungushiwa kifutio cha penseli. Ukijua kilipo unakiona.

Kwenye buti pana mkwaruzo wa sentimita kumi na moja. Ukipitisha ukucha unanasa, na mkwaruzo unaonasa ukucha haupaswi kufuatwa hadi chini, kwa sababu unapoufikia, rangi yote ya jirani imeshakwenda. Nimelainisha kingo zake ili zisishike mwanga, nikauacha. Nilipomwonyesha, Mwalimu alisema huo anaujua, ni wa siku waliyobeba viti vya maabara, na hakutaka niuguse zaidi.

Mwisho ni nta ya karnauba, tabaka mbili nyembamba zilizoachana kwa nusu siku. Hapa tuko karibu mita 1,850 juu ya bahari na jua la mchana ni kali. Rangi isiyo na klia haina ngao nyingine, kwa hiyo nta itarudiwa kila baada ya miezi mitatu. Kabla ya nta nilipangusa gari lote kwa spiriti, nikalizunguka na taa, nusu saa. Mistari ya mkono imebaki minne juu ya boneti, membamba, inayoonekana pembe moja tu. Kuiondoa kungegharimu mikroni nyingine mbili au tatu. Nimeiacha.

Jumamosi, 15 Machi

Wiki tatu baadaye, Section 58, jioni. Masika yanakaribia na mawingu yalikuwa juu ya Menengai.

Mwalimu ameliosha gari mara tatu mwenyewe. Ndoo mbili ziko kando ya mlango wa jikoni, moja ameiandika S kwa kalamu ya wino mzito, nyingine M. Amenunua pipa la kukinga mvua chini ya mchirizi. Kitambaa cha zamani sikukiona ndani ya buti na sikukiuliza. Mke wa Mwalimu ndiye aliyeniambia kwamba kila asubuhi Mwalimu hutoka, huliangalia vumbi, na kurudi ndani.

Niliwasha taa. Boneti ni kama nilivyoiacha, misumari ya mabati imegeuka matawi ya mjakaranda. Paa safi. Chini ya kishikio cha dereva kuna mistari mitatu mipya, mifupi, ya pete au ya funguo. Kidonda cha mlango hakijanyanyuka.

Tulimaliza giza likiingia. Mwalimu aliniomba nimwachie ile taa hadi Jumapili, kwa kuwa hajaridhika na upande wa kulia wa buti na anataka kuuangalia mwenyewe kwa utulivu.